Presha ya Mtaa Mzima

2 Februari

Mama,

Shikamoo.

Kaka amenipigia simu. Anasema presha yako imepanda, daktari wa zahanati amekuongezea kidonge cha pili, na wewe ulipotoka pale ulikwenda moja kwa moja kwenye cherehani ukashona mpaka jioni. Nilipokupigia mwenyewe ulinijibu "mzima kabisa" kabla sijamaliza kuuliza, ukanihadithia habari za paka wa jirani, kisha ukasema salio linaisha ilhali mimi ndiye niliyepiga. Ndiyo maana naandika barua. Kwenye simu unanitoroka. Dereva wa basi atakukabidhi hii mkononi, na nimemwambia asiondoke mpaka aone umeifungua.

Kuanzia leo mimi si Chiriku wako. Mimi ni nesi wa wodi ya wanawake na wewe ni mgonjwa wangu wa mbali. Nataka uniandikie mambo matatu kila wiki.

Kwanza mapigo ya moyo. Kaa kwenye kiti, tulia kidogo, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa gumba, uhesabu dakika nzima ukiangalia saa ya ukutani. Usitumie gumba lenyewe, maana nalo lina mapigo yake na litakuchanganya. Pili pumzi. Hizi huwezi kujihesabia, kwa sababu mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa huanza kuvuta nyingine ambazo si zake. Sisi wodini tunamshika mgonjwa mkono kana kwamba bado tunahesabu mapigo, kumbe macho yako kifuani. Mwombe jirani akusaidie. Tatu presha, zile namba mbili wanazokusomea zahanati, ya juu na ya chini. Joto la mwili nakusamehe, hujawahi kuwa na homa zaidi ya ile ya hasira.

Kaka anataka ufunge chumba cha kushonea uhamie kwake. Mimi sijasema ndiyo wala hapana. Nataka namba kwanza.

Mwanao,
Nesi


9 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Salamu nimeipokea, amri bado naitafakari.

Dereva wako aligoma kuondoka. Nilifungua bahasha mbele yake, nikamsomea mstari wa kwanza, akaridhika. Mtu mwenyewe suruali yake imefumuka mfukoni, nikamshonea hapo hapo akiwa amesimama.

Mapigo ni sabini na nne. Nilihesabu mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza mteja aliingia akanipotezea hesabu. Pumzi alinihesabia jirani muuza vyombo. Alinishika mkono, akanikodolea macho kifuani mpaka nikamuuliza kama anatafuta kifungo kilichopotea. Tukacheka, hesabu ikaharibika. Tuliporudia alipata kumi na saba, halafu akasema huenda ni kumi na tisa. Wewe chagua.

Presha ni 168 kwa 102. Haya, nimesema. Lakini usije ukanililia, kwa sababu si mimi peke yangu. Muuza vyombo naye amepata presha. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona amepata presha. Yule mama wa saluni amepata kubwa kuliko sisi sote, na anaitangaza kwa fahari. Mtaa mzima tumepata presha kama watu wanavyopata mafua. Daktari anasema ni chumvi na mawazo. Chumvi nimepunguza. Mawazo yangu ni kaka yako.

Ninavyoona mimi ameshaamua. Wiki iliyopita alikuja na mtengeneza simu anayetafuta chumba cha kupanga, mtu mpole tu, akamwingiza kwenye chumba changu aangalie soketi za umeme. Kaka yako mwenyewe alibaki mlangoni kama kawaida yake. Mimi niko pale pale nashona, nao wanazungumza juu ya kichwa changu, meza ikae wapi na rafu zipigiliwe wapi. Chumba hiki chenye dirisha la barabarani nilianza kushona humu kabla ninyi hamjazaliwa. Wewe ulijifunza kutembea ukishikilia mguu wa meza hii ya kukatia. Nilimuuliza, je, cherehani itakwenda wapi? Akasema kwake kuna stoo. Yaani mimi chumbani na cherehani stoo, tushindane nani atashika kutu mapema.

Zahanati naenda kila wiki kama nilivyoagizwa, na wala sipangi foleni. Nesi wa pale ananijali tangu nilipowashonea mkanda wao wa kupimia presha uliokuwa umechakaa. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba sijipendi.

Mama yako,
Mgonjwa wa kulazimishwa


16 Februari

Mama,

Shikamoo.

168 kwa 102 si namba ya kutania. Mwaka jana ulikuwa mia na arobaini na kidogo, na kidonge kimoja cha asubuhi kilikutosha. Presha ikipanda hivyo haipigi hodi. Wodini naletewa wanawake wa umri wako ambao hawawezi kushika kijiko, na jana yake walikuwa wazima kabisa. Nadhani unakumbuka vizuri kuliko mimi jinsi Baba alivyotutoka.

Nimefikiri sana. Labda Kaka hajakosea yote. Nenda kwake mwezi mmoja tu, upumzike, umeze dawa kama zilivyoandikwa, na cherehani ibaki ilipo. Mwezi si mwaka.

Usikasirike.

Chiriku


21 Februari

Chiriku,

Nimekasirika.

Nilidhani namwandikia nesi, kumbe nilikuwa namwandikia mdogo wa kaka yake. Mwezi mmoja, unasema. Nikiondoka hapa wiki mbili tu, nitarudi nikute mtengeneza simu ameshapigilia rafu na ameshajua majina ya wateja wangu. Sitoki. Wakitaka wanibebe pamoja na kiti.

Daktari ameongeza kidonge cha tatu. Nameza vyote, ili asije mtu akasema mgonjwa hakufuata masharti. Mapigo themanini na nane. Pumzi sikuhesabiwa, muuza vyombo alikuwa amelala, naye siku hizi anachoka ovyo. Presha 166, namba ya chini nimeisahau. Mengine yote mazuri.

Kama mwandiko umepinda ni kwa sababu naandikia kitandani. Mchana kuna joto.

Mama yako,
Asiyehama


27 Februari

Mdogo wangu,

Mama ameanguka. Amenikataza nisikwambie, nami sitamtii.

Mteja alimkuta sakafuni, kati ya cherehani na meza ya pasi, na pasi ilikuwa inawaka. Hakuumia zaidi ya kiwiko. Mteja alipokwenda kumwita jirani na kurudi, walimkuta Mama amezungukwa na vifungo, anaviokota kimoja kimoja, akidai kopo lilimponyoka ndiyo maana yuko chini. Lile kopo alilimwaga mwenyewe baada ya kuanguka, ili apate sababu ya kuwa sakafuni. Mteja aliliona mezani, limejaa, kabla hajatoka.

Najua mnaniona mimi ndiye mbaya wenu. Lakini wewe ulikuwa chuoni. Mimi ndiye niliyefungua mlango wa chumba kile nikamkuta Baba kwenye kiti kilicho chini ya dirisha, kikombe bado kiko mkononi. Nilimwita nikidhani amesinzia. Nikamwita tena. Tangu siku hiyo sijakaa ndani ya chumba kile hata kidogo, nikija nasimama mlangoni, na Mama anadhani ni kiburi. Simu ikilia kutoka mtaa ule, kichwa kinaanza kunigonga kabla sijapokea.

Sitaki kufungua mlango ule nimkute na yeye vile. Jumamosi ya mwisho wa Machi nakuja na mkokoteni kuhamisha cherehani. Bila cherehani hatakuwa na sababu ya kubaki. Safari hii naomba uwe upande wangu.

Kaka yako


2 Machi

Mama,

Shikamoo, na baada ya hapo nina ugomvi na wewe.

Kaka ameniambia habari za vifungo. Nilicheka mbele ya wagonjwa, halafu nikaenda stoo ya mashuka nikalia. Ungeungua, Mama. Pasi ilikuwa inawaka.

Nilipomaliza kulia nilitoa barua zako nikazisoma kama nesi, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo. Dawa zimeongezeka, mapigo yamepanda kutoka sabini na nne hadi themanini na nane. Unalala mchana, wewe ambaye siku uliyonizaa uliacha suruali ya mtu ina mguu mmoja. Jirani yako naye anachoka ovyo, na yeye anameza vidonge hivyo hivyo. Mtu mwenye presha ya juu sana anaweza kuanguka. Lakini na mtu ambaye presha yake imeshushwa kupita kiasi anaanguka vile vile, na anayetazama hawezi kuwatofautisha.

Kwa hiyo nijibu kweli. Je, kizunguzungu hukujia unapoinuka? Ukilala kinaondoka? Kilianza lini, kabla ya kidonge cha tatu au baada?

Kisha nieleze wanavyokupima, kuanzia unapoingia mlangoni mpaka unapotoka. Usiruke kitu hata kama unaona ni upuuzi. Ulisema uliwashonea mkanda. Ulikuwa umechakaa vipi, na uliushona vipi?

Dawa usiache hata moja kwa kichwa chako. Najua umeshaanza kuwaza kuzitupa. Mwambie daktari kwamba ulianguka, umwambie wewe mwenyewe, kesho.

Na kuhusu kuhama, nayafuta maneno yangu. Nilikuamulia kabla ya kukuuliza.

Chiriku


7 Machi

Mwanangu,

Sikuanguka. Nilikaa chini haraka.

Haya, kwa kuwa umeuliza kwa adabu. Ndiyo, kinanijia nikiinuka. Ukuta unaondoka, macho yanaingia giza, nashika chochote kilicho karibu. Nikilala kinapita. Kilianza na kidonge cha pili, lakini hicho cha tatu ndicho kilichonimaliza. Sikusema kwa sababu nilijua mngesema nini. Mama anaona kizunguzungu, Mama hawezi kukaa peke yake, leteni mkokoteni. Bora nife nikishona kuliko kuishi nikiangalia televisheni ya mkwe wangu na sauti wanaipunguza wao.

Daktari nilimwambia nimechoka. Neno kuanguka sikulitaja.

Sasa habari za kupimwa. Naingia, nesi ananipisha, nakaa kwenye kile kiti kirefu ambacho miguu yangu inaning'inia kama ya mtoto. Nesi ananifunga mkanda huku ananiuliza kama blauzi yake iko tayari, nami namjibu, kwa hiyo ndiyo, naongea, usinigombeze. Anapuliza, mkono unabana mpaka vidole vinakufa ganzi, anasoma, anatikisa kichwa.

Mkanda wenyewe uniulize mimi. Ulikuwa aibu. Kingo zote mbili zimelika, nyuzi zinaning'inia, na ule mfuko wa mpira wa ndani unachungulia nje. Hawakuwa na mwingine, wameshaomba wakubwa wao mpaka wamechoka. Nesi aliniletea kabla mwaka haujaisha. Nilikata sehemu zilizooza, nikakunja pindo la vidole viwili huku na vidole viwili huku, nikapiga mishono miwili ya kukaza. Mpira nao niliukunja ukingo ili ukae vizuri humo ndani usichomoze tena. Ulikuja tambara la kufutia meza, ukarudi mkanda wa watu wenye heshima. Daktari mwenyewe alisifu. Sasa ni mwembamba kidogo, wa kupendeza. Kwenye mikono kama yangu haunati sawasawa, kwa hiyo nesi anaushikilia kwa kiganja wakati anapuliza. Kwa mama wa saluni ndiyo usiseme, unafyatuka kabisa na sote tunacheka.

Hilo la mkono wangu sikumwambia mtu. Wateja wote wa mtaa huu nimewapima viuno, na sijawahi kumwambia yeyote kwamba amenenepa. Nasema kitambaa kimejikunja kwenye kufuliwa. Lakini mkono wangu mwenyewe niliuonea haya. Nikasema potelea mbali, waubane tu, yaishe.

Sijaacha dawa. Nimezitazama vibaya tu.

Mama yako,
Aliyekaa chini haraka


10 Machi

Mama,

Ni mkanda.

Ule mfuko wa mpira ndio unaopima. Ukiwa mwembamba kuliko mkono unavyohitaji, lazima upulizwe kwa nguvu zaidi ndipo ubane mshipa, na kipimo kinazisoma nguvu hizo kana kwamba ni presha yako. Ni kama kumvalisha mteja sketi ya mtoto halafu ukaandika kwamba mteja ana ugonjwa wa kiuno. Wewe ulipokunja ukingo wa mpira, uliupunguza. Wenye mikono myembamba hawakuona tofauti kubwa. Ninyi wenye mikono yenu mmepata presha mtaa mzima.

Sijui kama ndiyo yote. Huenda na presha yako imepanda kidogo kweli. Lakini kwa sasa hakuna anayejua, na unameza vidonge vitatu kwa namba ambayo huenda si yako.

Daktari nimempigia simu kabla ya kuandika hii. Aliuliza kama nina hakika, kisha akasema anakusubiri. Ni mtu mwema. Dereva amebeba mikanda miwili, wa kawaida na wa mkono mkubwa, niliyopewa na dada mkuu wa wodi yetu. Uende nayo leo hii. Ukae kwenye kiti ambacho miguu inafika chini, mgongo umeegemea, mkono uko juu ya meza usawa wa moyo, na ufunge mdomo. Wakupime umekaa, halafu umesimama. Habari ya vidonge aamue daktari.

Wenzako hawajui kitu. Wanaweza kuambiwa na daktari, au na wewe. Hilo nakuachia.

Mama, hukukusudia. Lakini wanameza.

Chiriku


10 Machi

Kaka,

Mkokoteni usubiri. Kuna kosa kwenye upimaji wa Mama, na huenda dawa ndizo zilizomwangusha. Naandika huenda kwa sababu namba mpya hazijaja.

Kuhusu Baba, sikujua kwamba kikombe kilikuwa bado mkononi. Hukuwahi kuniambia. Nilikuwa nakasirika kwamba unasimama mlangoni, kama Mama anavyokasirika.

Na hicho kichwa kinachokugonga, umewahi kupimwa wewe?

Mdogo wako


14 Machi

Mwanangu Chiriku,

Nimekwenda.

Barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisema huyu mtoto ana wazimu. Mara ya pili nilichukua tepu nikapima mkono wangu, kisha nikapima mkanda wako mkubwa, kisha nikakumbuka ule wa zahanati nilivyoutandika kwenye meza nikaukata. Mara ya tatu sikuimaliza. Mimi ambaye nikimpunguzia mteja gauni bila kumuuliza silali, nimeupunguza mkanda wa mtaa mzima, tena kwa kujisifu.

Nilitaka kwenda kimya kimya. Nakwambia kweli, nilikuwa nimeshapanga kupitia mlango wa nyuma. Halafu nikamwona muuza vyombo amekaa barazani kwake, ameegemea ukuta mchana kweupe, yule mwanamke ambaye alikuwa akibeba sufuria kumi kichwani huku anagombana na mtu. Nikamwambia inuka taratibu, twende.

Foleni ilikuwa imejaa. Nikasimama mbele yao, nikashika meza ili ukuta usiondoke, nikasema: Mkanda unaowapima niliushona mimi, na niliushona vibaya. Umekuwa mdogo. Huenda presha zenu ni za mkanda wangu. Leo tutapimwa upya sote, na atakayetaka kunitukana apange foleni, nami nitapanga yangu kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Mama wa saluni akawa wa kwanza kusema. "Kwa hiyo umetuvalisha presha ya kubana," akasema, "na blauzi yangu bado hujaimaliza." Watu wakacheka, lakini mwalimu mstaafu hakucheka. Alisema mume wake amekuwa akimfungia mlango asitoke peke yake. Niliomba radhi kwake yeye peke yake, nikimtazama machoni. Bado hajanijibu na ana haki yake.

Daktari alinipima mwenyewe. Nilifunga mdomo, hata yeye alishangaa. Nimekaa, 112 kwa 68. Nimesimama, 90 kwa 58, na ukuta ukaanza safari zake. Aliniketisha haraka. Akarudia tena, akavua miwani. Akasema, "Mama, tulikuwa tunakushusha shimoni." Nikamwambia tulikuwa pamoja, mimi ndiye niliyelichimba. Amenirudisha kwenye kidonge changu kimoja cha zamani, na nirudi kila baada ya siku chache.

Mkanda wa zamani niliuomba. Nimeufumua jana. Mishono yangu migumu, ilinichukua asubuhi nzima na wembe, na mpira ulikuwa na alama ya mkunjo ambayo haitatoka. Sikuurudisha. Upo ukutani, juu ya cherehani, ili nikianza kujisifu niuone.

Nimemwomba daktari jambo moja. Wapo ambao hawatarudi zahanati, wamekasirika au wamechoka. Nimemwambia Jumamosi ya mwisho wa mwezi nesi aje na vipimo vyake kwenye chumba changu. Presha ilitoka humu, irudishiwe humu. Amekubali.

Kaka yako hajasema kitu. Najua atakuja siku hiyo hiyo. Aje.

Mama yako,
Fundi


29 Machi

Mwanangu,

Jana amekuja.

Chumba kilikuwa kimejaa. Nilisogeza meza ya kukatia ukutani, nikapanga viti vyote vya nyumba, vingine vya kuazima saluni, na ndoo mbili zilizopinduliwa. Nesi alikaa kwenye kiti changu cha cherehani, ndicho pekee kinachomfaa, na mkanda wako mkubwa ulifanya kazi mpaka pampu ikalalamika. Mama wa saluni ana presha ya kawaida kabisa na amesikitika, alishaizoea ile kubwa. Muuza vyombo naye hana kitu, amepumzishwa dawa zote na leo asubuhi nimemsikia anagombana. Mwalimu mstaafu anayo kweli, tena si ndogo, kwa hiyo anaendelea na dawa zake. Alipokwisha kupimwa alinishika mkono, nikadhani ananisamehe, kumbe ananihesabia pumzi. Akasema kumi na sita, akaenda zake. Mimi kwa kidonge kimoja ni 142 kwa 86, nimekaa na nimesimama hakuna tofauti ya kutisha. Bado ninayo presha yangu ya halali, na hiyo nitatunzana nayo. Mapigo sabini na mbili.

Ndipo nikasikia magurudumu. Kaka yako, wabeba mizigo wawili na kamba. Alisimama mlangoni kama kawaida yake, akatazama wanawake wote wale, akasema, "Mama, tumekubaliana." Nikamwambia hatujakubaliana, umekubaliana na mtengeneza simu. Akasema safari hii hataki maneno. Mshipa wa shingo yake ulikuwa unapiga, nauona kutoka kwenye pasi nilipokuwa. Wewe ulinifundisha kutazama, sasa siwezi kuacha.

Nikamwambia hivi, mbele ya watu. Cherehani hii haitoki. Nimesomesha watoto wawili kwa mguu huu na kanyagio hili, na siku nikishindwa kukanyaga nitakwambia mimi, sitasubiri uniambie wewe. Nilikuficha kwamba nimeanguka, na nilifanya vibaya, na sitakuficha tena. Nikiona giza nitakuita. Lakini kunihamisha ili wewe usiogope, hapana. Uoga wako mwanangu naujua, ila hauwezi kukaa kwenye chumba changu na mimi nikakae stoo. Sasa ingia ndani, upimwe, kisha kamba yako utaamua uifungie nini.

Hakuingia. Viti vyote vilikuwa vimekaliwa isipokuwa kile cha chini ya dirisha. Hakuna aliyekikalia tangu asubuhi, watu wa mtaa huu wanajua. Nikamwona anakitazama, na mara nikaelewa kwa nini hasogei. Miaka yote nilisema ni kiburi. Nikaenda nikamshika mkono, huyo mkubwa wangu mwenye mvi, nikatembea naye kama nilivyotembea naye akiwa mdogo. Alikaa. Mkono wake ulikuwa wa baridi, nami sikuuachia.

Nesi akamfunga mkanda, wa saizi yake sawasawa, nilihakikisha kwa tepu. 178 kwa 110. Nikasema arudie, kijana ametoka kwenye jua. Tukamwacha atulie, kila mtu akafunga mdomo, hata mama wa saluni. 174 kwa 108. Nesi akanitazama, akaomba apime na mkono wa pili. Ikawa hivyo hivyo. Mtoto wangu alikuwa akinikimbiza kwa ugonjwa ambao anao yeye.

Aliinamisha kichwa, akafunika macho kwa kiganja, na hapo hapo kwenye kiti cha baba yenu akalia kwa sauti. Wabeba mizigo wakatoka nje na kamba yao. Nami nililia, Chiriku, usidhani nilisimama kama nguzo. Nilimwambia baba yako hakuwa na mtu wa kumfunga mkanda, wewe unaye.

Leo daktari amemwona na ameanza dawa. Nimemwamuru kila mchana aje ale kwangu, ameze kidonge mbele yangu, kisha akae kwenye kile kiti mpaka nimhesabie mapigo. Kwa vidole viwili, si kwa gumba. Mkokoteni nimeutumia kumpelekea mama wa saluni viti vyake.

Amegoma. Anasema nisimfanye mgonjwa, anasema ni uchovu wa njiani tu, yeye ni mzima kabisa, ana kazi zake na haendi popote. Sijui maneno hayo kayaokota wapi.

Mama yako,
Fundi